Chakula cha Zahoro katika Bustani ya Watangulizi

Ipo nchi ambayo jina lake silitaji, kwa sababu wenyewe wameshalitaja vya kutosha. Limeandikwa kwenye madaraja ambayo hayajajengwa, kwenye mabasi yasiyotembea, na hata kwenye vifuniko vya mitaro, ili maji machafu yajue yanapita katika ardhi ya nani. Watu wake ni wapole. Huamka, hushukuru, huenda kazini kama kazi ipo, na jioni husikiliza redio iwaeleze jinsi walivyoshinda.

Katika nchi hiyo kuna kijito kiitwacho Sangasanga. Si maji ya kutisha. Kiangazi kikikolea, mtu anakivuka akiwa na viatu mguuni. Ukingoni mwake ndipo walipofikia Watangulizi, watu wa kwanza kuhamia bonde lile, walipoikimbia njaa ya kwao milimani. Walikuja na kuku, na mbegu, na watoto mgongoni, na kichwani kila mwanamke alibeba mafiga yake, yale mawe matatu ya kuinjikia chungu. Mawe yalikuwa tele pale kijitoni, lakini hawakuyaamini mawe ya ugenini. Wakayapanga ya kwao ukingoni, wakapika, wakala, ndipo wakakumbuka kujenga nyumba. Mafiga wakayaacha palepale, kila ukoo na yake, na wajukuu wao wanaishi kando ya kijito kile mpaka leo.

Miongoni mwa wajukuu hao alikuwemo Sikudhani, na mumewe Zahoro, fundi baiskeli. Ugomvi wao katika maisha yao yote ya ndoa ulikuwa mmoja tu. Sikudhani akiivisha chakula humwita mumewe, naye Zahoro, kutoka nyuma ya nyumba alikokuwa akihangaika na minyororo na pancha, huitika, "Nakuja." Kisha haji. Chakula kinapoa, nzi wanakaribishana, naye bado yuko njiani kutoka nyuma ya nyumba. Sikudhani alikuwa akimtishia kwamba iko siku atakula na kumwachia masizi ya sufuria. Zahoro alicheka tu, kwa sababu alijua hakuna hata siku moja mkewe aliyoanza kula kabla yake.

Mwanzoni mwa masika kifua kilimbana Zahoro. Wakampeleka hospitali kuu, ambayo ilikuwa na kitanda kizuri kimoja kilichobaki, lakini hicho kilikuwa kimetunzwa kwa ajili ya kuoneshwa wageni. Akalazwa kwenye benchi la korido. Binti yao, Tunu, alikuwa na mimba kubwa wakati huo, akakaa miguuni mwa baba yake akimpepea kwa upande wa khanga. Zahoro akamwambia kwamba mtoto akiwa wa kiume ampe jina lake. "Limenitumikia vizuri," akasema, "na bado halijachakaa." Akafa kabla ya daktari kumaliza mkutano.

Sasa nieleze desturi ya watu wa Sangasanga, maana bila hiyo hayo mengine hayaeleweki. Kwao mtu hazikwi akaisha. Mwenzake aliyebaki huendelea kumwekea sahani yake kila siku, iliyofunikwa, mpaka ifike siku ya mwito. Siku hiyo mjane huenda kijitoni, kwenye mafiga ya ukoo, akapika kile marehemu alichokipenda, kisha akamwita kwa jina, kwa sauti ileile ya kila siku, kwamba chakula tayari, aje ale. Halafu anangoja. Hakuna anayesema neno. Watoto huzibwa midomo, mbuzi huswagwa mbali, mwenye kikohozi huachwa nyumbani. Mvuke wa chungu ukiisha na mwitwa hajaitika, basi mjane huila sehemu ya marehemu yeye mwenyewe, yote, huku wenzake wakimtazama. Akishameza tonge la mwisho, mtu amekwenda. Sahani haiwekwi tena, na jina lake liko huru kupewa mtoto mchanga. Kabla ya hapo jina bado lina mwenyewe, na ni aibu kumvua mtu jina akiwa hajaagwa.

Tunu alijifungua mtoto wa kiume. Kwa hiyo Sikudhani alikuwa na kazi moja tu duniani, nayo ilikuwa kwenda kijitoni na chungu.

*

Lakini kijito hakikuwa tena mahali pa kwenda na chungu.

Mwaka uliotangulia, mfalme mmoja wa ng'ambo aliitembelea nchi ile. Baada ya kula na kusifu, akauliza kwa adabu kama nchi ina kitu chochote cha kale. Mkuu wa Nchi akamtazama Waziri wa Utamaduni, Waziri akautazama ukuta, na ukuta ulikuwa umepakwa rangi asubuhi ile. Mgeni alipoondoka ikatoka amri kwamba nchi iwe na historia kabla ya sikukuu.

Ikaundwa Mamlaka ya Kumbukumbu Hai, chini ya Daktari Kivumbi, msomi mkubwa aliyepata udaktari wake ng'ambo kwa kuchunguza vikombe vya chai vya watu wa huko. Daktari Kivumbi alizunguka nchi nzima ndani ya gari lenye kiyoyozi akitafuta jambo la kale, mpaka alipofika Sangasanga, akayaona mafiga yamejipanga ukingoni, meusi tititi, na wanawake wakifua nguo kando yake. Inasemekana alitoa machozi. Akaagiza wanawake waondolewe, kwa kuwa walikuwa wanaziba historia.

Ikajengwa Bustani ya Taifa ya Watangulizi. Ukazungushwa uzio, likasimamishwa lango, zikapandwa nyasi zenye kibao cha kuwakataza watu wasizikanyage, na yakawekwa mabenchi yaliyofungwa minyororo ili mtu asiyakalie, maana nayo yalitangazwa kuwa urithi tangu siku yalipotoka kwa seremala. Kikosi cha jeshi kikapewa kazi ya kuyasafisha mafiga. Masizi ya mabibi na mabibi wa mabibi yakasuguliwa kwa sabuni na brashi za chuma hadi kijito kikatiririka cheusi. Kisha mawe yakapakwa chokaa, yakapangwa upya kwa vimo, makubwa na makubwa, madogo na madogo, kama askari wa gwaride. Ukoo ukachanganyika na ukoo.

Siku ya ufunguzi ikaonekana kuna kasoro. Daktari Kivumbi akasimama mbele ya wageni akasema kwamba utafiti umethibitisha kuwa taifa lina nguzo nne, yaani Utii, Subira, Shukrani na Mkuu wa Nchi, na taifa la nguzo nne haliwezi kuwa liliasisiwa juu ya mafiga matatu. Ni wazi kwamba la nne lilipotea. Kwa bahati nzuri shemeji yake Waziri alikuwa na kiwanda cha saruji, na mawe yote yaliyopotea yakapatikana humo. Tangu hapo kila jiko la Watangulizi likawa na mafiga manne, na hakuna chungu kilichoweza kutulia juu yake, lakini hakuna aliyekuwa amepanga kupika.

Kuhusu Watangulizi wenyewe, bango kubwa la langoni lilieleza kwamba walikuwa watu watukufu ambao walitoweka. Ilibidi watoweke. Kama wangekuwapo ingelazimu kuuliza ardhi ile ni ya nani, na swali hilo halikuwa limetengewa fungu.

*

Sikudhani alifika langoni asubuhi akiwa na chungu kichwani. Nyuma yake alikuja wifi yake, Mize, dada wa marehemu, na mzigo wa kuni, na nyuma ya Mize alikuja Tunu na mtoto. Mlinzi alikuwa mtu wa mtaani kwao, aliyewahi kuzibiwa pancha na Zahoro kwa mkopo usiolipwa. Akawaamkia, akainamisha macho, akawaambia kwamba yeye hana neno, lakini wamwone Mkurugenzi.

Daktari Kivumbi aliwapokea ofisini kwa ukarimu. Aliwaachia hata wakae. Sikudhani akaeleza shida yake kutoka mwanzo, kwa utaratibu, na alipofika kwenye sahani anayoiweka kila jioni sauti ikamkatika, ikabidi Mize amalizie. Mkurugenzi akasikiliza huku akitikisa kichwa kwa huzuni ya kiofisi.

"Mama, pole sana kwa msiba," akasema. "Ila mafiga yale ni ya Watangulizi."

"Ndiyo, baba. Ndio bibi zetu hao."

"Hapana, mama. Watangulizi walitoweka."

"Walitowekea wapi?"

"Hilo ndilo tunalolifanyia utafiti."

"Basi pumzika, mwanangu," Mize akasema. "Tumekuja wenyewe."

Mkurugenzi akatabasamu. Akawaeleza, kwa upole wa mtu anayezungumza na wagonjwa, kwamba jambo hilo linajulikana kitaalamu. Watu wanaoishi karibu na maeneo ya urithi mara nyingi hujiwa na hisia za kuwa wao ni wajukuu wa wahusika. Hisia hizo si kosa la jinai, na kwa kawaida huisha zenyewe baada ya kuhamishwa. Mize akataka kuinuka na ukuni, Sikudhani akamshika mkono, si kwa sababu hakuwa na hasira, bali kwa sababu alikuwa na haja.

Hapo Mkurugenzi akaanza kumwangalia Sikudhani vizuri, uso wake wenye mistari, khanga yake iliyofifia, chungu chake miguuni. Kumbe alikuwa na shida yake mwenyewe. Siku ya Watangulizi ilikuwa inakaribia, Mkuu wa Nchi angehudhuria, na palipangwa igizo la Mwanamke Mtangulizi akipika kwenye mafiga. Msanii aliyeletwa kutoka mji mkuu kwa kazi hiyo alikuwa amekataa katakata kukaribia moto, kwa ajili ya kucha zake.

"Mama," akasema Daktari Kivumbi polepole, "je, unaweza kuigiza?"

Sikudhani akasema hajui kuigiza, ila kupika anajua. Akaulizwa kama anaweza kupika kande mbele ya watu, akamwita mtu, akanyamaza, kisha akala. Akajibu kwamba hilo ndilo aliloliomba tangu alipoingia. Mkurugenzi akashangilia kwamba hii ni bahati ya ajabu, maana sasa desturi iliyopotea ingefufuliwa na mtu ambaye kwa mbali alikuwa na sura ya wenyewe.

Walipotoka nje Mize aliutua mzigo wa kuni kwa kishindo. Alisema kaka yake hakuwa ngoma ya kuchezwa jukwaani. Sikudhani akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwambia kwamba Zahoro hatajua kama kuna jukwaa, atajua tu kwamba ameitwa, na kwamba yeye amechoka kumwaga kande za mumewe kwa kuku kila asubuhi. Mize akalia, akakubali.

*

Mazoezi yakaanza. Alitumwa mwalimu wa maigizo kutoka wizarani, mtu mwenye filimbi shingoni, kumfundisha Sikudhani jinsi ya kufiwa.

Alimkosoa sana. Alisema anakoroga chungu bila matumaini, na Watangulizi walikuwa na matumaini. Alisema ameinama mno, kamera haitampata. Siku moja Sikudhani, katikati ya kupembua kunde, aliikumbuka mikono ya Zahoro yenye mafuta ya mnyororo, na machozi yakamtoka. Mwalimu akapuliza filimbi. Akamwomba asilie kabla ya wakati, alie pale kipaza sauti kinapowashwa, na kwa jicho la kulia zaidi, kwa kuwa Mkuu angeketi upande huo. Sikudhani alijifuta, akaendelea na kunde.

Jina nalo likaleta mjadala. Kamati ya maandalizi ilitaka mwitwa aitwe Shujaa. Sikudhani akasema hakuwahi kuolewa na mtu wa jina hilo, na kama si Zahoro basi anaondoka na chungu chake. Kamati ikajifungia, ikanywa chai, ikatoka na uamuzi kwamba Zahoro ni jina lenye ladha ya kale na linaweza kutumika kwa muda.

Sikudhani mwenyewe aliomba jambo moja tu. Alimfuata Mkurugenzi, akamwambia kwamba akishaita, asiitike mtu. Asiitike yeyote, wala kwa mzaha, wala kwa kusahau. Daktari Kivumbi akaweka mkono kifuani. Alimhakikishia kwamba kimya kimo kwenye ratiba, kimepitishwa na usalama, na vyombo vya habari vimearifiwa.

*

Siku ya Watangulizi ilifika na jua kali. Viongozi walikaa chini ya mahema, wananchi walikaa chini ya jua, na nyasi zisizokanyagwa zikakanyagwa na walinzi. Sikudhani alivalishwa ngozi ya mbuzi, vazi ambalo bibi zake hawakulivaa hata siku moja, lakini mbuzi alikuwa amekwisha kuchinjwa.

Hotuba zikaanza wakati yeye anawasha moto. Kande huchukua muda, na kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi ile hotuba ndefu ilimfaa mtu. Waziri alisifu. Naibu wake alisifu sifa za Waziri. Daktari Kivumbi alieleza kwamba watu watukufu waliotoweka wangekuwa hai leo wangelia kwa furaha, na Mize, aliyebanwa nyuma ya kamba pamoja na Tunu na mtoto, alilia kweli.

Chungu kilicheza juu ya mafiga manne kama mlevi. Sikudhani akalisukuma lile la saruji kwa kisigino, taratibu, mpaka likatoka, na chungu kikatulia. Akayatazama yale matatu yaliyobaki. Chokaa ilikuwa inababuka kwa moto, na kwenye jiwe moja ukajitokeza ufa alioufahamu tangu alipoletwa kwa Zahoro akiwa bibi arusi. Yale mengine mawili yalikuwa ya watu wengine, hakujua ya nani. Akayaomba radhi kimoyomoyo, akayaomba pia msaada.

Kande zikaiva. Akapakua sahani mbili, yake na ya mumewe, akaziweka chini. Mwalimu wa maigizo akainua mkono, kipaza sauti kikawashwa. Sikudhani hakuwa akimwona mwalimu tena. Akageuza uso kuelekea kijitoni, akaita kwa sauti ileile ya jikoni kwake.

"Zahoro. Chakula tayari. Njoo ule."

Kikatanda kimya. Na lazima niseme ukweli, kilikuwa kimya kizuri. Hata mahemani watu waliacha kujipepea. Kijito kilisikika kikipita kwenye mawe, na mvuke ulipanda kutoka kwenye chungu, mwingi, kisha kidogo. Sikudhani alisikia kitu kikimlegea kifuani, kitu alichokuwa amekikamata tangu benchi la korido. Aliumia sana, lakini yalikuwa maumivu ya mlango unaofungwa vizuri, na aliyapokea. Ulibaki mvuke mwembamba tu. Akaisogelea sahani ya Zahoro.

Sasa, watu wa nchi nyingine huenda wasijue, lakini katika nchi ile kimya hakitokei hivihivi. Watu wakinyamaza wote kwa pamoja, maana yake wanamngoja Mkuu wa Nchi aseme. Kwa miaka mingi hakuwahi kusikia kimya ambacho si chake. Akaona mama anangoja, wananchi wanangoja, kamera zinangoja, na moyo wake wa ulezi ukaguswa. Akainuka kitini.

"Nakuja," akasema Mkuu wa Nchi.

Sikudhani aligeuka. Hilo ndilo lililomwua hasa, kwamba aligeuka. Kwa muda wa pumzi moja uso ulimfunguka kama wa msichana, akatazama upande ilikotoka sauti, akitarajia mtu mwenye mafuta mikononi. Picha hiyo ya uso wake ndiyo iliyowekwa baadaye kwenye stempu.

Makofi yalipasua bonde. Mkuu wa Nchi aliteremka, akaketi kwenye gogo, akala sahani ya Zahoro. Aliimaliza yote. Akasema kande ni nzuri ila zimepungua chumvi, na mawaziri wakakubali kwamba zimepungua chumvi, nao wakaonja, mpaka chungu kikabaki kitupu.

*

Siku chache baadaye Daktari Kivumbi alikuja nyumbani kwa Sikudhani na medali ya Mtangulizi Bora. Alimkuta amekaa kwenye mkeka, hakuinuka.

"Mheshimiwa," Sikudhani akasema, "uliniahidi hapataitika mtu."

"Na ahadi nimeitimiza, mama. Hakuitika mtu. Ameitika Mkuu wa Nchi."

Alisema bila kejeli, maskini. Aliamini.

Wanawake wa Sangasanga wakakusanyika kwa Mize kutafuta njia. Katika kumbukumbu zao zote hapakuwa na marehemu aliyeitikiwa, sembuse marehemu aliyeliwa chakula chake mbele yake. Walibishana wee. Wengine walisema mwito umeharibika, wengine walisema Zahoro amefika na kukuta amekaliwa nafasi. Mwishowe Mize akakata shauri kwamba ataitwa tena, juu huko kijito kinakoanzia, nje ya uzio, kwa mawe yoyote yatakayopatikana. Kaka yake hakuwa mtu wa makuu. Sikudhani alipata usingizi siku hiyo.

Kesho yake jioni redio ikatoa tangazo. Kwa kuwa jina Zahoro liliitwa hadharani, na kwa kuwa aliyeitika ni Mkuu wa Nchi, na kwa kuwa mwenye kuitika jina ndiye mwenye jina, basi tangu sasa jina hilo ni miongoni mwa majina rasmi ya Mkuu, baada ya Mlezi wa Vijito na kabla ya Jogoo wa Alfajiri. Ni marufuku mtu mwingine kuitwa hivyo. Aidha, ni kosa kubwa kulitamka jina hilo pamoja na wito wa kuja kula, kwani huko ni kumwagiza Mkuu wa Nchi jikoni mwa mtu binafsi.

Wakaja vijana wa manispaa na saruji, wakaziba jina kwenye kaburi. Waliacha tarehe. Walikuwa na adabu, walivua kofia.

Mize alisema wamwite kwa kunong'ona. Sikudhani akatikisa kichwa. Zahoro hakuwahi kuja upesi hata alipoitwa kwa kelele, ndiye atakayekuja kwa mnong'ono? Alikusudia kutania, lakini mdomo ulimshinda, akajifunika khanga usoni, akalia kilio ambacho hakikuhitaji kipaza sauti. Alililia jina sasa, maana kumlilia mwenye jina alikuwa ameshazoea.

Tunu alimbembeleza mama yake wampe mtoto jina lingine. Yako majina mengi mazuri, alisema, na mtoto hana hatia. Sikudhani alijibu kwamba babu yake aliomba, na kwamba wakimpa lingine watakuwa wamekubali kuwa lile limekwenda, nalo halijakwenda popote, limekaliwa. Tunu hakuwa na moyo wa kushindana naye. Kwa hiyo mtoto akabaki bila jina. Kliniki walimwandika Mtoto wa Tunu, majirani walimwita Wewe, na bustanini, kila mwaka ilipofika Siku ya Watangulizi, msanii mwenye kucha fupi aliita, Mkuu wa Nchi akaitika, akala, akashangiliwa.

Mtoto akakua. Akatambaa, akasimama, akaanza kukimbia. Mchana mmoja wa kiangazi Sikudhani aliepua kande, akapakua, akaenda mlangoni na sahani ya mjukuu wake. Mtoto alikuwa nyuma ya nyumba akisukuma rimu kuukuu ya baiskeli, mgongo amempa, hana habari. Bibi mwingine yeyote angeita. Sikudhani alifungua mdomo, kisha akasimama hivyo hivyo, sahani mkononi, juani, kwa sababu hakuwa na neno la kumwitia. Alisimama mpaka mtoto alipochoka na kugeuka mwenyewe, akamwona bibi yake, akaiacha rimu, akaja.

Akamnawisha mikono, akamkalisha, mtoto akala akashiba. Ndipo Sikudhani akachukua sahani nyingine, akaijaza, akaifunika na kuiweka mahali pake. Akakaa chini kando ya chungu. Yeye mwenyewe hakula kwanza, kwa kuwa nyumbani kwake yupo mtu ambaye bado hajaja.